Mwisho Alionisimulia Dada

Nilikuwa kwenye eda ya mume wangu, nyumbani kwetu Chuno, Mtwara, mwanangu aliporudi kutoka Dar es Salaam na seti ya diski. Aliiona dukani akakumbuka hadithi niliyokuwa nikiwasimulia wakiwa wadogo, ya watu waliopanda chombo cha angani kwenda kutafuta sayari nyingine. Ilikuwa tamthilia ya zamani ya Kiingereza, sasa imetolewa upya ili watu waitazame majumbani. Hakuwa na hakika kama inafaa kunipa wakati ule. Aliiweka juu ya kabati, akasema nitaamua mwenyewe.

Dada yangu mkubwa alikuwa amekuja kutoka Unguja kukaa nami. Tulipokuwa wasichana tuliitazama tamthilia ile kila wiki, kwenye televisheni ya ukumbi wa mtaani kwetu Unguja. Yeye alikuwa sekondari, Kiingereza anakijua, kwa hiyo alininong'oneza maana sikioni. Kabla haijaisha niliolewa na mtumishi wa serikali, mtu wa Msimbati, akanileta Mtwara. Huku bara hapakuwa na televisheni wakati huo. Nilipojifungua mtoto wa kwanza dada alikuja kunihudumia, nami nikamuuliza hadithi iliishaje. Akanisimulia kwamba nahodha alirudi duniani, akabisha hodi kwao, mama yake akamfungulia mlango. Nililia sana siku ile. Baadaye nikawasimulia watoto wangu hivyo hivyo.

Tulifunga mlango wa mbele na kupunguza sauti, maana sikutaka wanaokuja kutoa pole wakute televisheni inawaka. Kila baada ya adhuhuri tulitazama kidogo. Sayari iliyotutisha utotoni ilikuwa machimbo ya kokoto tu. Dada alicheka mara moja, akajiziba mdomo kwa kanga.

Filamu ya sehemu ya mwisho ilikuwa imepotea. Maelezo kwenye kasha yalisema sauti tu ndiyo iliyosalia, na waliotoa diski wakaipangia picha za mnato. Dada akasema amechoka, tumalizie siku nyingine. Nikamwomba tuendelee. Akaanza kunitafsiria kama zamani, ingawa nilikuwa nimefundisha Kiingereza shule ya msingi kwa miaka mingi na alilijua hilo. Sikumkatiza. Halafu akanyamaza mwenyewe. Pichani nahodha alikuwa amesimama nje ya chombo, na sauti yake ikiwaambia wenzake waondoke, yeye anabaki. Tukasikia chombo kikiruka.

"Hakurudi," nikasema.

"Hakurudi." Dada alikuwa anaangalia mikono yake. "Ulikuwa umedhoofu, mdogo wangu. Hutaki kula, kila siku wamtaja mama. Mume wako akanifuata uani, akaniomba nikutafutie neno la kukupa moyo. Nikamwambia hadithi ilivyokwisha. Akasema, mwambie amerudi. Tena akasema, na mke wangu mwenyewe akitaka kurudi kwao, nitampeleka."

Nilizima televisheni. Mume wangu alikuwa akikaa karibu nilipowasimulia watoto mwisho ule, akimenya muhogo, wala hakuwahi kusema neno. Nilikuwa nikidhani hadithi zenyewe hazimvutii. Miaka ile ya mwanzo nilimwona mtu mgumu, asiyejua kwamba ninaumia, na nilikaa naye hivyo muda mrefu kabla sijaanza kumpenda. Sasa sikuwa na wa kumwambia kitu. Dada alinishika bega, tukakaa hivyo mpaka adhana ya alasiri.

Eda ilipokwisha tulikwenda Msimbati kuzuru kaburi. Dada alisoma dua, mimi nikang'oa majani yaliyoanza kuota. Tangu msiba alikuwa akinishawishi nihamie kwake Unguja, na mwanangu aliona ni sawa. Tulipokuwa tunanawa mikono dada akaniuliza tena.

"Nitakuja kutembea," nikamjibu.

"Kutembea tu?"

"Kutembea tu, dada."

Wiki ile ile nilimsindikiza stendi, na mvua zilipoanza nikaita vijana wanisaidie kupalilia mikorosho aliyoiacha mume wangu.