Siku Msengi Alipopiga Zeze Kwetu

Juzi hapa Shelui mjukuu wangu Neema alinisomea kibao kipya cha njia: Mtaa wa Msengi, yule mpiga zeze maarufu. Akasema, "Bibi, diwani anataka Jumamosi useme. Kasikia Msengi aliwahi kupiga zeze kwenu."

Kupiga alipiga. Alikuja mchana kumposa shangazi yangu Nyamwelu, mwenyewe, bila mshenga, samli ikimng'aa usoni. Baba akamwekea kigoda nje juani, pale palipokuwa na harufu ya zizi. Mimi kwa utoto nikadhani ni heshima, ili majirani wote wamsikie. Nikacheza mpaka vumbi likatimka.

Ndani baba zangu wadogo, Kiula na Shila, walikuwa wanacheka kwa sauti. "Huyu ataoa kwa mali gani, kwa nyuzi za zeze? Ng'ombe hana, hata mkia wake!" Msengi alisikia, akaendelea kupiga. Shangazi alikuwa jikoni anafuta machozi, nami nikadhani ni moshi.

"Piga tena, mjomba!" nikamwambia. Akapiga tena, akanishika kichwa, akaenda zake.

Sasa diwani anataka niwaeleze watu tulivyomkaribisha. Nitasimamaje? Hata maji ya kunywa hatukumpa.