Rangi za Maji, Mto wa Mchanga

Picha iliyoniharibu ilitoka kwenye kalenda kuukuu niliyoikuta chuo cha ualimu. Ilionyesha mto wa Ulaya, daraja la mawe, mnara uliobomoka, ng'ombe wamesimama majini, na mti mkubwa upande wa kushoto kama mlinzi wa geti. Mchoraji wake aliishi karne mbili zilizopita. Alichora kwa rangi za maji, kisha akachora mandhari yale yale kwenye bamba la shaba, akaichimba mistari yake kwa asidi na kuipiga chapa karatasini. Niliipenda picha ile kupita kiasi.

Mto wetu, ng'ambo ya Kwa Vonza, ni mchanga mtupu isipokuwa siku chache za mvua. Maji yamejificha chini. Unachimba kisima mchangani, unangoja yajikusanye, ndipo unachota kwa kata. Kila likizo nilikaa ukingoni nikauchora mto huo, na kila mara niliujaza maji ukingo hadi ukingo na kupanda mti kushoto.

"Hizo rangi zako za maji," mama aliniuliza siku moja, "maji yenyewe unatoa wapi?"

"Kwa kisima chako, mama."

Alicheka, akabeba mtungi wake. Mimi nilijiona fundi. Wasafiri wa barabara kuu pale Makindu walinunua picha zangu, na hakuna aliyewahi kuniuliza huo ni mto gani.

Kisha malori yakaanza kuja kuchota mchanga, na mchanga ndio unaotutunzia maji. Kisima alichokuwa mama akikifikia kwa kunyoosha mkono kikawa cha kuingia hadi kiunoni, halafu hadi kifuani. Naibu wa chifu akaitisha mkutano kanisani. Dalali wa malori, kijana mpole wa maneno, alisema mchanga uko vile umekuwa siku zote.

"Kama kuna mtu ako na ushahidi," akasema, "alete tuone."

Mama akasimama. "Mtoto wangu ni mwalimu wa sanaa. Amechora huu mto miaka ishirini. Ataenda alete."

Watu walinigeukia kwa furaha. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze, lakini nilienda, nikarudi na bahasha yote na kuzitandaza picha kwenye meza ya mbele. Dalali aliziangalia moja baada ya nyingine bila haraka.

"Mwalimu, hapa si hata boti inapita? Mchanga uko wapi?"

Watu walicheka, na hata naibu wa chifu alishindwa kujizuia. Mama hakucheka. Alichukua picha moja, akaisogeza dirishani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Jiwe la kufulia liko wapi?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Jiwe lile ndilo kila mtu alipimia mchanga. Zamani mchanga ulilifikia shingoni. Nililijua tangu utotoni, na nililiondoa katika kila picha kwa sababu lilikuwa bapa na baya, tena liliziba kona ya mto. Nilimwambia hivyo. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na siku hiyo yangu yalionwa na kanisa zima. Mkutano ulivunjika bila uamuzi, na kesho yake malori yalirudi. Nina hasira nayo hadi sasa, ila kubwa zaidi ni hasira yangu kwangu mwenyewe.

Asubuhi hiyo nilimfuata mama mtoni na penseli tu. Jiwe lilikuwa limesimama wazi hadi kitakoni, mizizi ya mgunga wa ukingoni ikining'inia juu yetu. Mama alishuka kisimani kwa ngazi ya miti. Kitambaa chake cha kichwa kikapotea chini ya ukingo wa mchanga, nikabaki nikisikia kata ikikwaruza.

Nikafungua daftari.

"Unachora?" akauliza kutoka chini.

"Ndiyo, mama."

"Weka jiwe. Weka ngazi. Maji usiweke."