Nilimtania mtani wangu mgonjwa aje tumalize gemu la mashujaa

Wakuu, habari za mchana. Nawasalimu kutoka Mtwara mjini.

Kazi yangu ni kutunga riwaya, ila hili sijalitunga. Natamani ningekuwa nimelitunga.

Nilikuwa na mtani, Hamisi, Mmakonde wa Nanyamba, mkulima wa korosho. Mimi Mmakua. Wa huku wanajua: sisi na wao hatuongei bila kutukanana, hata msibani.

Kila Jumapili, akishamaliza kupulizia mikorosho dawa ya salfa, alikuwa anakuja kwangu tucheze gemu la mashujaa. Mnaunda timu ya wanne wenye nguvu za ajabu. Mmoja anarusha radi, mwingine anagandisha maji, na kila mkiangusha adui mnapanda levo. Yeye wawili, mimi wawili.

Mimi nilikuwa na pupa. Yeye aliwalea mashujaa wake kama miche kitaluni, kila mmoja kwa zamu yake.

Tukafika kwa bosi wa mwisho. Limebaki pambano moja tu.

Jumapili ile ikaingia meseji: "Mmakua, leo siji. Homa imenilaza tangu Ijumaa."

Nikamjibu: "Wamakonde mnaogopa mpaka katuni! Kufa basi, nije nile ubwabwa wa msiba."

(Kwa wasioujua utani: hayo ni maneno ya upendo kabisa.)

Saa nane akashuka kwenye bodaboda. Shati limelowa, macho mekundu.

"Ubwabwa utaula kwa jirani," akasema, akachukua pedi ya gemu.

Alicheza vibaya. Kila kitufe alikibonyeza kwa kuchelewa. Mashujaa wake wakaanguka, nikawainua, wakaanguka tena, mwisho tukapigwa wote.

Na mimi nilicheka, wakuu. Nikamwambia timu nzima imezikwa na mzembe mmoja. Akacheka na yeye, akaomba maji, akanywa vikombe viwili, akaondoka.

Jumanne nikapigiwa simu: malaria imepanda kichwani, amelazwa.

Jumatano nikaitwa msibani.

Nilikaa nyuma kabisa. Mwili ulipokaribia kutolewa, mama yake akapaza sauti: "Mtani yuko wapi? Mwanangu anatoka kimya hivi, kwani hana watu?"

Mila inamtaka mtani afanye vituko. Nilikwenda nikajilaza mlangoni, jeneza likasimama.

"Haendi mtu hapa! Mvivu huyu katuangusha vitani, sasa anajifanya kulala. Aamke amalize kazi!"

Watu wakaangua kicheko. Mama yake alicheka mpaka akajifunika uso kwa kanga.

Baada ya maziko akanishika mkono.

"Unajua, baba, ile Jumapili aliamka mwenyewe. Akaoga, akavaa shati, akaniaga anacheka. Nikasema mwanangu kapona. Mungu alinipa siku moja ya kumwona mzima. Ndiyo niliyobaki nayo."

Nikaitikia, "Ndiyo, mama."



Nilichojifunza ni kidogo, na nimekilipia ghali. Utani ni mtamu, lakini mtu akikwambia anaumwa, muulize mara ya pili, na safari hiyo usimtanie.

Mama yake hajui ni nini kilichomwamsha mwanawe kitandani. Kila nikienda kumjulia hali, ananisimulia tena siku ile, na kila mara inazidi kuwa nzuri.

Wakuu, mngekuwa ninyi mngemwambia? Au mngemwachia Jumapili yake?