Mikorosho Niliyoipulizia Ndotoni

Usingizi haujawahi kunipumzisha. Nalala mapema, naamka alfajiri nimechoka kama mtu aliyeshusha magunia usiku kucha. Nilipokuwa nauza mayai ya kuchemsha kwenye mabasi pale Nangurukuru, niliota nauza mayai yaleyale, nakimbilia dirisha la basi linaloondoka, na nikiamka miguu inauma kweli. Shule niliiacha darasa la sita huko Miteja, kwa hiyo sijui wataalamu wanaliitaje jambo hili. Nimewauliza watu wengi. Muuguzi mmoja alinipima malaria, hakuiona, akaniambia nipunguze chai. Dereva wa lori aliniambia yeye haoti kabisa. Nilimtazama kama anavyotazamwa tajiri.

Mwaka juzi nilifika Nyangamara msimu wa salfa, ule unga wa manjano unaopulizwa kwenye mikorosho ili maua yasishikwe na ubwiri, ugonjwa unaoyafunika kwa ukungu mweupe na kuyakausha. Bibi mmoja mjane alinipa chumba cha uani na mashine ya kubeba mgongoni. Kazi hiyo hufanywa baada ya sala ya alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo haujaamka. Mikorosho yake mingi ilikuwa juu, karibu na nyumba. Kumi na miwili ilikuwa bondeni, na mavuno ya hiyo hayakuguswa kwa jambo lingine. Yalikuwa ya hitima ya marehemu mumewe, kila mwaka.

Asubuhi ya kwanza nilianza kumsimulia nilichoota. Akainua mkono.

"Ndoto ukiisimulia unaipa miguu, mjukuu wangu. Tema mate kushoto mara tatu, kisha njoo unywe uji."

Nikatii. Nangurukuru tulikuwa tukisimuliana ndoto huku tukimenya mayai, wenzangu wakicheka, na kicheko chao kilinitenganishia usiku na mchana. Hapa ndoto zilibaki kwangu, zikachanganyika na kazi.

Siku moja nilipuliza bondeni. Naikumbuka vizuri: mashine iligoma mara mbili, utando wa buibui ukaninasa usoni, salfa ikaniwasha jicho la kushoto. Nilimwambia Bibi kule kumekwisha. Akamshukuru Mungu.

Wiki mbili hivi baadaye akapita jirani, mzee wa Kimakonde ambaye shamba lake linapakana na lile la bondeni. Tulikuwa tumezoeana kwa utani. Akaniuliza kama bondeni nilipuliza salfa au sembe, maana maua yamekuwa meupe kama yamepakwa unga. Nilicheka, nikaenda kuangalia. Chini ya ile mikorosho hapakuwa na chembe ya manjano. Nikarudi stoo. Mfuko niliodhani nimeumaliza ulikuwa umesimama pembeni, haujafunguliwa.

Sikuwa nimefika bondeni. Niliamka siku ile nikiwa na uchovu wa mtu aliyekwisha kufanya kazi, nikanywa uji, nikatoa taarifa.

Ningeweza kusema salfa ilikuwa mbovu, na hakuna ambaye angenibishia. Lakini maua mengine ya bondeni yalikuwa bado hayajafunguka, na kila siku ya uongo ingeyapunguza. Nilimkuta Bibi anachekecha unga wa muhogo.

"Bibi, bondeni nilipuliza ndotoni."

Hakuacha kuchekecha.

"Na huku juu?"

"Huku juu nilipuliza kweli."

"Unajuaje?"

Tukatoka wote wawili, mkorosho kwa mkorosho. Alivuta tawi, akasugua jani kwa kidole gumba, akanusa, akaenda kwenye mwingine. Huku juu salfa ilikuwepo. Kesho yake alfajiri nilipuliza bondeni, naye amesimama pembeni, kanga mdomoni, akinitazama mpaka mti wa mwisho. Hakunifukuza, wala hakuniambia amenisamehe.

Alichana kanga kuukuu vipande vipande, akaagiza kila nikimaliza mti nifunge kipande kwenye shina. Haikupita wiki nikaanza kuota nafunga vipande. Hilo nilimwambia, na safari hii hakuinua mkono. Alifikiri kidogo.

"Basi kila asubuhi nenda ukayashike mafundo."

Ikawa hivyo mpaka msimu ukaisha. Kila siku, kabla ya uji, nilipita nikishika mafundo moja moja kama mtu anayevuta tasbihi.

Bondeni tulivuna kidogo sana. Hitima ilisomwa, lakini badala ya pilau watu walipewa chai na maandazi. Hakuna aliyelalamika. Jirani tu, ameshika andazi lake, aliniuliza kwa sauti ya kusikika hadi barazani:

"Mgeni, pilau umeila peke yako kulekule ndotoni?"

Watu wakacheka. Bibi naye akacheka, akajifunika uso kwa ushungi, na alipoufunua, usoni mwake hamkuwa na kicheko. Nilikuwa nazungusha birika la chai. Nikaweka kidole gumba kwenye tumbo la birika, nikakiacha hapo mpaka kikaungua.

Asubuhi niliamka nimechoka kama kawaida. Kabla sijafumbua macho nilikipapasa kile kidole. Lengelenge lilikuwepo.