Nilivyomwombea Nguruwe Maji kwa Jina la Wifi

Jamani, kuna aibu za kuficha na kuna aibu ambazo kambi nzima ya wakimbizi hapa Kakuma wanazijua, na yangu ni hii ya pili, maana mpaka leo wanakwaya wakiniona njiani wananigunia kama nguruwe, basi bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwao na chumvi juu.

Wifi yangu Esperance alikuwa ameenda Lodwar, hospitali, kusubiri kujifungua, kaka yangu akaenda naye, mimi nikaachiwa nguruwe wao, ambaye pia alikuwa na mimba (ndiyo, nyumba nzima ilikuwa na mimba isipokuwa mimi). Esperance akanishika mkono: "Wifi, huyu ndiye mtaji wangu. Watoto wake wakifa, nimekwisha." Basi mimi kwa mapenzi nikawa namshindilia ugali na viporo asubuhi na jioni, akanenepa hadi kujigeuza tu anahema.

Siku yenyewe ikafika, jua la mchana, mabati yanawaka. Akatoa watoto wawili chapuchapu, halafu basi. Anasukuma, hakuna kitu. Nikampigia daktari wa mifugo, Mturkana mmoja wa kule Lodwar.

"Ejok, mama?" akanijulia hali kwa Kiturkana.

"Ejok gani, daktari, nguruwe amekwama!"

Akaniambia nguruwe mnene kwenye joto anaishiwa nguvu, na walio tumboni wakichelewa wanakosa hewa, kwa hiyo nimmwagie maji apoe, wale wawili niwakaushe niwasogeze kwenye chuchu, na zaidi ya yote pawe kimya, asizungukwe na watu.

Maji! Bomba lilikuwa limefungwa na ndoo yangu ilikuwa imebaki matone. Na nani Kakuma atakupa maji yake umwogeshe nguruwe? Ndipo shetani akaninong'oneza (au nilimwita mwenyewe, sijui), nikampigia Mama Mchungaji: "Esperance amerudi, amekwama na uchungu, tafadhali nisaidieni maji!"

Nilisahau kwamba kanisani kwetu, sisi Wakongomani, mama akikwama na uchungu haletewi maji peke yake. Sijamaliza kuwapangusa wale wawili nikasikia ngoma. Kwaya nzima hiyo, madumu kichwani, wanaimba, wengine wanalia, jina la Esperance linapanda mbinguni, na nguruwe kusikia ngoma akakurupuka, akaacha kabisa kusukuma, nusura amkanyage mtoto wake.

"Mugonjwa iko wapi?" Mama Mchungaji akauliza, mafuta ya upako tayari mkononi.

"Amelala, Mama, msiingie..."

Simu ikalia. Mikono yangu inateleza, nikabonyeza spika bila kutaka, sauti ya kaka ikajaa uwanja mzima: "Dada, watu wananipigia wanalia eti Esperance amekwama huko! Mimi niko naye hapa, anakunywa chai!"

Ngoma ikanyamaza, na nguruwe naye akachagua saa hiyohiyo kuguna. Mama Mchungaji akafunua gunia la mlango wa banda, akamtazama nguruwe, akanitazama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. "Nilijua hamtanipa maji," nikasema, nikaangua kilio cha kweli, maana nilikuwa namwona Esperance anarudi anakuta banda tupu.

Akashusha dumu lake. "Uchungu ni uchungu," akasema, bado amekasirika. "Mumumwangie maji. Na mwenye ataimba, nitamupiga."

Kwaya ikakaa mchangani, kimya (huo ulikuwa muujiza wa kwanza), tukamlowesha yule mnyama mpaka akalala ubavu, akatulia, akasukuma. Mmoja akatoka amekufa. Nikafumba macho. Halafu akatoka mwingine, anapiga chafya, akina mama wakajiziba midomo wasipige vigelegele, na wengine wakafuata wakiwa hai.

Esperance alirudi na binti mzuri, akakuta banda limejaa, akanisamehe. Nami nimeapa, nguruwe nitamwita nguruwe hata mbele ya askofu. Lakini juzi bomba lilikauka tena, nikaenda kwa Mama Mchungaji kuomba maji ya kumwogesha mtoto, nikaeleza kabisa, mtoto wa Esperance. Akasimama mlangoni, akanipima juu mpaka chini.

"Huyo mutoto," akasema, "iko na miguu ngapi?"