Shaba ya Kilindini, Kisima cha Bungoma

Nilimaliza form four nikiwa baba wa watoto watatu, kwa masomo ya jioni pale Kitale, na jiografia niliijua kuliko aliyeiumba dunia. Ukinisalimia sokoni, ulirudi nyumbani na somo. Nililolipenda zaidi ni la kilindini mwa bahari: maji ya moto yanafoka kwenye nyufa yakiwa yamebeba shaba, zinki na dhahabu, yakikutana na baridi, madini yanaganda na kusimama kama dohani. Mwalimu alisema hata magharibi yetu, sehemu nyingine zilikuwa chini ya bahari kama hiyo, kabla milima haijazaliwa.

Basi kaka ya mke wangu alikuwa anamchimbia mama yao kisima, nje kidogo ya Bungoma. Futi arobaini, maji hakuna, ila mwamba mweusi wenye vimeta vya manjano na harufu ya mayai viza.

"Shemeji, hii kitu inanuka jehanamu. Nahamia kwingine."

"Uhame? Hiyo ni dohani ya bahari, bana! Umesimama juu ya shaba ya kununua Bungoma nzima na stesheni yake."

"Ati profesa wa jioni!" Akacheka. Lakini asubuhi iliyofuata alirudi shimoni.

Wachimbaji wa kwetu huteremsha koroboi kwanza. Ikizima, hakuna kushuka. Siku hiyo nilikuwa naeleza bei ya shaba, na yeye akajifunga kamba akashuka nikiwa bado naeleza.

Kamba ikalegea. Nikaita. Nikadhani ananitania.

Nilivuta, sikuweza. Aliyekuwa karibu ni mama mkwe peke yake, na kwa mila ya Kibukusu, mkwe na mama mkwe hatugusani. Miaka yote nilimwamkia kwa mbali, macho chini. Alikuja mbio akashika kamba, mikono yake juu ya yangu. Tukavuta.

Shemeji alitoka midomo ikiwa ya buluu. Hakupumua tena.

Baadaye fundi wa migodi alinieleza kwamba mawe yale yakifunuliwa hula hewa nzuri yote iliyomo shimoni. Ukurasa huo sikuusoma.

Baada ya maziko, wazee wakadai kondoo wa kututakasa, mkwe na mama mkwe. Mama akasimama.

"Kondoo wa nini? Tulikuwa tunamvuta mtoto."

Kisha akaniangalia usoni, mara ya kwanza.

"Na wewe, hayo mawe yako, yarudishe ndani. Wewe mwenyewe. Kwa mikono."

Ilinichukua siku nne. Hakuna aliyenisaidia, na sikumweleza mtu chochote.