Aliyesubiri Spiriti Ikauke

Barua ya dada yangu kutoka Kigoma ilijaa habari za mvua na za mavuno ya mawese. Mwishoni, kama jambo alilolikumbuka akiwa tayari amekunja karatasi, aliongeza sentensi moja: yule muuguzi wa wodi ya watoto amefariki, amezikwa Ujiji. Mnaosoma safu hii mnajua kwamba mimi si mwepesi wa kusifu watu, hata marehemu. Leo nitasifu.

Nilipokutana naye nilikuwa likizoni Kigoma kutoka chuo kikuu. Dada alishuka kwenye boti iliyotoka kijiji cha Kagunga na binti yake wa mwaka mmoja, aliyekuwa ameharisha siku mbili hadi macho yametumbukia. Mama yetu alikuja naye, na kama ilivyo desturi kwetu mtoto anaposafiri, alikuwa amempaka mawese mwili mzima ili baridi ya ziwa isimwingie. Hospitalini muuguzi alimtazama mara moja, akasema anahitaji dripu haraka. Lakini badala ya kumchoma sindano alileta sabuni na maji, akaosha ule mkono uliong'aa mafuta, akapaka spiriti, kisha akasimama akingoja ikauke. Mama, alipoona ngozi ya mjukuu wake imepauka, alichovya kidole katika kichupa chake cha mawese akampaka palepale. Muuguzi hakumkaripia. Alimwambia mafuta yake ni mazuri, ila hapo ni mlangoni pa sindano, ampake miguu. Akaanza upya na sabuni.

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nilimwuliza kama ngozi kavu ina thamani kuliko roho ya mtoto, na ni kitabu gani kilichosema hivyo. Hakuinua macho.

"Swali zuri, msomi," alisema. "Maji yataingia kwa tundu hili, na uchafu nao utaingia kwa hilihili. Spiriti ikiwa mbichi haijamaliza kazi. Ngoja."

Nikangoja, nikimchukia. Sindano ikaingia, matone yakaanza kushuka. Kila asubuhi alikuja kwanza kwenye ule mkono, akaubonyeza taratibu kuzunguka plasta kabla hata hatujamwamkia. Siku ya tatu mtoto alimng'ata bibi yake kidole, na mkono wake wenye dripu haukuwa umevimba. Kwa ukaidi wangu nilimwuliza kama hiyo si bahati tu. Akacheka. "Labda. Lakini bahati haina zamu humu wodini."

Miaka hii ya Ujamaa nimehudhuria mikutano mingi, na nimehoji karibu kila hotuba. Sitaacha. Tunapiga makofi zahanati inapofunguliwa, tunapiga makofi gari la wagonjwa linapofika. Sijaona mkutano uliopigia makofi usaha ambao haukutokea, na kazi ya yule muuguzi ilikuwa hiyohiyo, miaka yote, pasipo mtu wa kumtazama isipokuwa wazazi wenye hofu na kijana mmoja mjuaji.

Sikurudi kumshukuru. Lakini katika barua nyingine dada aliniandikia kwamba mpaka leo mama yetu, akiwapaka wajukuu mawese kabla ya kuwapeleka hospitali, huiacha mikono yao mikavu. Hakuna mwanasiasa aliyemhimiza, wala mimi na elimu yangu sikumfundisha. Alimwona mtu mmoja akisubiri, na mtoto akapona.